Kikao cha ukoo, kiharusi, na lile swali la "ana miaka mingapi?"

Kikao cha ukoo kikikaa huku kwetu kuhusu mgonjwa wa kiharusi, lazima kuna mtu atauliza ana miaka mingapi. Wengi hawaulizi kwa ubaya, wanauliza kwa sababu hela haipo na kila aliyekaa pale anapiga hesabu kimoyomoyo ya ada za Januari, mbolea na rejesho la kikoba. Kwetu aliyeuliza ni mjomba. Mama mkubwa alikua na miaka 78, na mjomba akasema kwa sauti ya upole kabisa kwamba dada yake kaishi, kaona wajukuu, kaona vitukuu, sasa hizi hela tunazotaka kuchoma hapa si zingesomesha mtoto. Watu wakanyamaza, wengine wakaangalia simu. Mimi nilichukia ila jibu la kumpa sikua nalo, na tangu siku ile nimesoma kila nilichokutana nacho na kuuliza madokta mpaka naona wakiniona wanageuza njia. Mimi sio dokta jamani, nauza madaftari pale Makoroboi, Mwanza mjini, kwahiyo chukueni haya kama maneno ya mtu aliyeuguza.

Mama mkubwa anakaa Sengerema ndani ndani huko. Ilikua jioni anachambua dagaa uani, kaenda kuinua ungo mkono wa kulia ukakataa, akacheka, akajaribu tena, ukakataa, af alipotaka kumuita mjukuu maneno yakatoka kama ya mtu mwenye chakula mdomoni na mdomo umeenda upande. Hizo ndio dalili zenyewe, hakuna dalili nyingine ya kusubiri: uso kwenda upande, mkono au mguu kukosa nguvu ghafla, maneno kuteleza. Sasa majirani wakaja, mmoja akasema katupiwa kitu, mwingine akasema ni upepo mbaya, mwingine kijana kabisa ana simu janja akaleta ile meseji ya WhatsApp inayozunguka miaka yote, kwamba mtu akipigwa na stroku umtoboe vidole vyote kwa sindano damu itoke. Wakamtoboa. Wakamchua na mafuta. Wakamlaza. Asubuhi ndio wakapiga simu mjini.

Kinachoniuma ni daraja. Sisi tuliokulia kule tunajua kivuko cha Kigongo kilivyokua kinatesa, unafika Busisi na mgonjwa unakuta foleni ya malori au kivuko kimeshapaki, mnakaa kwenye gari mnaangalia taa za ng'ambo. Juni 2025 daraja likafunguliwa, kilomita tatu za lami juu ya maji, unavuka huku unamalizia kuongea na simu. Kwahiyo mama mkubwa angeweza kua Usagara kabla ya saa mbili usiku na mjini muda mfupi baadae. Masaa yetu hayakuliwa na ziwa, yaliliwa sebuleni.

Na masaa ndio kila kitu kwenye huu ugonjwa. Kiharusi kipo cha aina mbili, kuna damu kuganda na kuziba mshipa wa ubongo, na kuna mshipa kupasuka damu ikamwagikia ndani ya ubongo. Kwa nje vinafanana, hata dokta mwenye miaka thelathini kazini hawezi kukuapia kwa macho tu, mpaka CT skani, ile picha ya ndani ya kichwa. Na dawa ya kimoja ni sumu kwa kingine, ndio maana usimpe mgonjwa aspirini nyumbani eti kuyeyusha damu, kama kilichotokea ni kupasuka umemuongezea mvujo. Na ile ya kumpasulia kidonge cha presha chini ya ulimi kwa sababu mashine imeonyesha 200 na kitu, hiyo nayo iacheni, presha ikishushwa kwa kishindo ile sehemu ya ubongo inayopigania damu kidogo iliyobaki ndio inakatiwa kabisa. Cha kufanya nyumbani ni kumlaza ubavu, kumpima sukari kama kipimo kipo (maana sukari ikishuka sana mtu anaweza akaonekana kapooza kumbe ni sukari), kukumbuka saa ngapi alionekana mzima mara ya mwisho, na kutafuta gari. Usimpe chai. Hii ya chai nitairudia.

Sasa ile dawa yenyewe ya kuyeyusha damu iliyoganda inaitwa alteplazi. Marekani waliiruhusu kwa kiharusi mwaka 1996, inaingia kwa mshipa kwa kama saa moja, na mwanzo ilikua ndani ya masaa matatu tangu dalili, mwaka 2008 utafiti ukaonyesha inafaa mpaka masaa manne na nusu. Baada ya hapo kwa wengi hatari inazidi faida. Bei ndio mtihani, huko huko Marekani kufikia 2014 chupa ya miligramu 100 ilikua imevuka dola 6,000. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu, jambo zuri kwenye karatasi, ila orodha haileti chupa Sengerema.

Hapa ndio nataka kumjibu mjomba. Kwa miaka mingi wazee wa zaidi ya 80 walikua wanaachwa nje ya hizi tafiti, na huko Ulaya hata kibali cha dawa kilikua kinaishia umri huo, hofu ikiwa ubongo wa mzee utavuja damu. Halafu 2012 ukatoka utafiti mkubwa wenye wagonjwa 3,035, na zaidi ya nusu yao, 1,617, walikua wamevuka 80. Faida waliyopata wazee wale haikua ndogo kuliko ya vijana. Miaka miwili baadae wakajumlisha tafiti zote kubwa, watu 6,756, jibu likawa lile lile, umri hauondoi faida, kinachoiondoa ni kuchelewa. Waliopewa dawa ndani ya masaa matatu, karibu 33 katika kila 100 walirudi hali nzuri kabisa au karibu na hapo, wasiopewa ni 23. Kuvuja damu kubaya kupo, karibu 7 katika 100 dhidi ya mmoja na kidogo, sio kitu cha kuficha, na baadhi yao wanakufa, lakini ukiweka yote kwenye mizani, aliyewahi anashinda akiwa na miaka 50 au 85. Ni kweli mzee anaanza na hali mbaya zaidi, wazee wengi zaidi wanakufa na wachache zaidi wanarudi kutembea wenyewe, hilo halina ubishi. Ila hiyo ni sababu ya kuwahi, haiwezi kua sababu ya kuacha.

Kuna na ile ya kupitisha mrija kwenye mshipa wa pajani mpaka kichwani na kulivuta bonge la damu lenyewe. Tangu 2015 ndio imethibitika kwa mishipa mikubwa, na hata hiyo waliovuka 80 walifaidika. Inataka mashine na wataalam na hela ambayo nikiitaja kwenye kikao watu wataondoka, kwahiyo niiache hapo.

Mama mkubwa alifika mjini mchana wa kesho yake. CT ikala laki mbili na ushee, ikaonyesha ni kuziba, na muda wa kupewa ile dawa ya kuyeyusha ulishapita zamani. Binamu yangu mmoja pale korido akasema basi turudi nyumbani, kama dawa hamna tunafanya nini hapa. Nadhani hapo ndio familia nyingi zinapotea, zinadhani matibabu ni ile dawa tu.

Kumbe kilichobaki ndio kingi, na kingi chake ni rahisi. Aspirini, baada ya CT kuonyesha hakuna kuvuja. Mwaka 1997 tafiti mbili kubwa zilionyesha ukiwaanzishia wagonjwa elfu moja ndani ya masaa 48 unaokoa kama kumi wasife au wasipigwe tena, kidogo eeh, lakini ni kidonge cha bei ya peremende. Halafu unesi. Kuna utafiti wa Australia wa 2011, wodi zilifundisha manesi vitu vitatu tu: kushusha homa, kudhibiti sukari, na kupima kumeza kabla mgonjwa hajapewa kitu mdomoni. Hakuna dawa mpya humo, hakuna mashine. Baada ya siku 90, waliokufa au kubaki tegemezi walikua asilimia 42, kwenye wodi za kawaida asilimia 58. Nilisoma hiyo namba nikarudia mara mbili.

Ndio maana ya chai. Kiharusi kinaweza kupooza koo bila wewe kuona, mgonjwa anameza na chai inaenda kwenye mapafu, hata hakohoi, na baada ya siku chache ana nimonia, na nimonia inaua wagonjwa wa kiharusi wengi mno. Nesi mmoja pale wodini, mama wa makamo, alimkalisha mama mkubwa wima kabisa, mito miwili mgongoni, akampa maji kijiko cha chai kimoja, akaweka vidole viwili kooni kuona kama lile fundo linapanda, akamwambia "mama, sema aaa". Sauti ikatoka ya majimaji. Akatikisa kichwa, akaweka kijiko chini, akaandika kwenye faili asipewe kitu kwa mdomo, tukawekewa mpira wa puani. Shemeji yangu alikua kashakuja na uji wa ulezi kwenye chupa, kanuna kweli, eti wanamuua kwa njaa. Ule uji ukaenda kwa bomba la sindano kupitia mpira, taratibu, na naamini yule nesi ndio alimuokoa kuliko sisi wote na michango yetu.

Huku nje sasa kila mtu ana dawa. Jamaa wa duka moja la dawa akatuandikia sindano za "kufufua ubongo", boksi zima, ukijumlisha inakimbilia laki nne. Nikaomba jina nikaenda kutafuta, ilikua sitikolini. Imejaribiwa kwa wagonjwa 2,298, majibu yakatoka 2012, haikuwa na tofauti na dawa bandia isiyo na kitu ndani. Nikamwambia asante. Akajitokeza pia dada mmoja wa virutubisho vya kopo, kaniita kaka yangu kabisa kwenye simu wakati mimi ni mwanamke, hata hajasikiliza, ana picha za watu waliotupa magongo. Ukoo ambao ulikua unasita kutoa laki mbili ya CT ulikua tayari kutoa laki nne ya sindano kwa sababu sindano inaonekana. Mjomba huyo huyo mwenye hesabu za miaka ndio alikua wa kwanza kuchangia. Sijui niseme nini.

Wiki iliyofuata mguu wa kulia, ule uliopooza, ukavimba mpaka kiatu cha wazi hakiingii, shavu la mguu gumu na la moto. Damu imeganda mguuni. Mtu aliyelala bila kusogeza mguu damu inatuama, na bonge likichomoka likapanda kwenye mapafu anaweza kufa ghafla, wale tunaosema alikua anaendelea vizuri tu akaomba maji akakata roho. Msimchue mguu wa hivyo! Wakaanza sindano za tumboni za kuzuia damu isizidi kuganda. Tuliambiwa pia tusihangaike kununua soksi za kubana, na kweli utafiti wa 2009 ulionyesha haziwasaidii wagonjwa wa kiharusi na zinawachubua ngozi, bora mazoezi ya kitandani na kumgeuza.

Kwenye kupimwa moyo wakakuta mapigo hayana mpangilio, mara mbio mara yanaruka. Hapo ndio chanzo kilipo, moyo ukitetemeka badala ya kusukuma damu inaganda ndani ya chumba chake, kipande kinaruka kwenda kichwani. Inaongeza hatari ya kiharusi kama mara tano na kadri umri unavyopanda ndio inazidi kua chanzo, kwa watu wenye umri wa miaka 80 na kitu ni karibu robo ya viharusi. Kwahiyo akaandikiwa warfarini, vidonge vya kuzuia damu kuganda. Binamu akauliza mzee si atavuja damu, bora aspirini tu. Hilo nalo lina jibu, Uingereza walilinganisha hivyo viwili kwa wazee wa miaka 75 na kuendelea, 973, majibu yakatoka 2007: wa aspirini walipata kiharusi kikubwa au donge baya asilimia 3.8 kwa mwaka, wa warfarini 1.8, na kuvuja damu hakukutofautiana sana. Mzee ndio anaihitaji zaidi.

Ila warfarini ni dawa ya bei rahisi yenye maisha ya bei ghali. Vidonge hela ndogo, lakini lazima upimwe damu mara kwa mara, INR (namba inayoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda) ikae kati ya 2 na 3, ikishuka anaganda ikipanda anavuja, na mboga za majani zinaivuruga, sio kwamba asile, ale kiasi kile kile, sasa mwambie mtu wa kijijini kiasi kile kile wakati masika mchicha umejaa na kiangazi hamna. Na kipimo ni mjini. Gari la kukodi toka kijijini na mtu wa kiti cha magurudumu, msindikizaji, chakula, siku nzima. Kuna dawa mpya kama rivaroksabani hazihitaji kipimo hicho, nazo ni ghali kwa mwezi. Mimi nilikaa na kalamu nikajumlisha nauli, kipimo na siku za kazi za msindikizaji, nikakuta ile "ghali" haijaachana sana na ile "rahisi". Tumebaki na warfarini kwa sababu nauli inatoka kidogo kidogo na kidonge kipya kinataka hela kwa mkupuo, na masikini hua tunanunua hivyo hata tukijua hesabu.

Mnaweza kuuliza na ile huduma ya bure ya wazee. Ipo, toka sera ya wazee ya 2003, mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo anatibiwa bure, na dirisha lake lipo na bango. Kumuona dokta hatukulipa, kitanda hatukulipa. Lakini "dawa hii haipo stoo, kanunueni nje" haina msamaha. Bima hana, watoto wake ni wavuvi na wakulima, na mimi ni mtoto wa mdogo wake, siwezi kumuandikisha.

Na bado hospitali sio gharama kubwa. Hospitali iliisha. Kilichokuja baadae ndio hakiishi. Pampas za watu wazima, pakiti ya kumi haivuki siku tatu akiharisha. Mtaalam wa mazoezi ya viungo wa kuja nyumbani elfu ishirini kila akija, tukamuomba amfundishe mjukuu, akafundisha kweli, ndio anayemfanyisha sasa: kufungua vidole, kuinua bega bila kuuvuta mkono, kukaa ukingoni mwa kitanda. Kumgeuza kila masaa mawili asipate vidonda, usiku kucha. Na anayegeuza ni nani? Ni binti yake wa mwisho, aliyekua na genge lake Buhongwa, kafunga genge karudi kijijini. Kwenye kikao hakuna aliyeiandika hiyo kwenye daftari la michango. Mtu katoa elfu hamsini jina limeandikwa, mtu katoa kazi yake yote jina halipo. Mjomba akiuliza tena habari za gharama ningeanzia hapo.

Na chote hiki kilianza na presha ambayo ilijulikana. Alipimwa zahanati miaka iliyopita, akapewa amlodipini, akala mwezi, akajisikia mzima, akaacha. Vidonge vya mwezi havifiki bei ya sato mmoja wa maana pale Mwaloni. Kuna wanaosema mzee wa themanini presha yake iacheni ni ya uzee, wakati 2008 utafiti wa watu wa miaka 80 na kuendelea ulionyesha kutibu presha kulipunguza vifo kwa ujumla kwa asilimia 21 na vifo vya kiharusi kwa 39, ukasimamishwa mapema kwa sababu tofauti ilikua wazi. Na chumvi, sisi watu wa ziwani tunakula kayabo, samaki wa chumvi, tangu utotoni halafu kwenye mboga tunaongeza nyingine. Nimemwambia binti yake aloweke, abadilishe maji.

Leo mama mkubwa anakaa mwenyewe, anakula ugali laini kwa mkono wa kushoto, maneno yamerudi nusu, matusi yamerudi yote. Kutembea bado, labda hatatembea. Anacheza karata na wajukuu na anawaibia. Tumekubaliana kwenye grupu kila mwezi mtu mmoja anabeba pampas na mwingine nauli ya INR, na aliyefunga genge anapewa kitu chake mkononi, hilo nilipigana mpaka likapita. Mjomba kabeba dawa za presha za mwaka mzima bila kuombwa. Mwezi huu zamu ya pampas ni ya binamu wa Geita, na toka juzi anasema M-Pesa inamsumbua.